Uzi: Eti mvuvi mweusi naye apake losheni ya jua?

#1 JaDunga
Habari za jioni wadau. Leo hapa ufuoni Dunga, Kisumu, tuliletewa semina. Tulidhani ni ile ya jaketi za kuokolea maisha, tukakaa mkao wa soda. Kumbe mgeni amekuja kutuambia sisi tunaoshinda juani tuko hatarini kupata saratani ya ngozi, na dawa yake ni kujipaka losheni ya kuzuia jua. Akaitoa kwenye mkoba: kichupa kama cha mafuta ya nywele, shilingi 1,500. Watu walicheka hadi mzee mmoja nusura aanguke kutoka kwenye mashua aliyoikalia.

Mimi nimeingia ziwani tangu darasa la saba. Babu alivua, baba alivua, mjomba wangu anavua mpaka leo na ana miaka 58. Kitu pekee kilichompata ni nyama iliyoota kwenye jicho, na hiyo ni ya uzee. Saratani ya ngozi sijaiona kwa mvuvi hata mmoja. Swali langu ni rahisi: huu ugonjwa si wa Wazungu? Au kuna mtu anatafutia losheni yake soko?

#2 BodaWaKondele
Soko hilo, omera. Kesho watatuambia tuzipake na pikipiki. Sisi ikweta inapita katikati ya mji wetu na bado tuko hai.

#3 Mwalimu_Maseno
Ikweta haipiti katikati ya Kisumu. Inapita huku kwetu Maseno, na kibao kiko hapo kando ya barabara ya Busia, watu wanapiga picha. Kisumu mko kusini yake kidogo tu.

Kuhusu swali lenyewe, msicheke haraka. Jua linatoa mwanga tunaouona, joto tunalolihisi, na miale ya urujuanimno ambayo huioni wala huihisi. Hiyo ya tatu ndiyo inayoharibu vinasaba ndani ya seli za ngozi. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeliweka jua kundi la kwanza la visababishi, kundi moja na tumbaku. Na mwaka 2023 WHO, shirika la afya duniani, na ILO, shirika la kazi duniani, walitoa makadirio yao: mwaka 2019 watu bilioni 1.6 walikuwa wanapigwa na jua kazini, na saratani za ngozi zisizo melanoma (melanoma ni ile inayoanzia kwenye seli za rangi) ziliua watu 18,960 kwa sababu ya kazi hizo. Karibu kifo kimoja kati ya vitatu vya saratani hizo.

#4 Mpinzani_Halali
Mwalimu heshima yako, lakini hizo ni za dunia nzima. Changanya mjenzi wa Australia na mvuvi wa Dunga kwenye sufuria moja, utapata supu gani? Kule Marekani melanoma huwapata Wazungu zaidi ya mara 20 kuliko Weusi. Rangi yetu si mapambo. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi nyeusi, inakinga kama losheni ya SPF 13 hivi, yaani kipimo cha kuzuia jua. JaDunga amezaliwa amepakwa tayari, tena bure.

#5 BodaWaKondele
😂😂 Amezaliwa amepakwa. Nitaandika hiyo kwenye madigadi ya pikipiki.

#6 FundiNakuru
Mimi ni wa mjengo, Nakuru. Naona hii ni shida ya watu wa Kisumu kwa sababu ya joto lenu. Huku kwetu asubuhi unavaa jaketi, kansa ya jua itapita wapi?

#7 Mwalimu_Maseno
Kinyume chake, fundi. Joto na miale ni vitu viwili. Ukipanda juu, hewa inapungua na miale inazidi, kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Kisumu iko mita 1,100 na kitu, Nakuru karibu 1,850. Ule ubaridi unakudanganya tu, unafanya kazi bila shati kwa sababu huhisi kuchomwa.

#8 FundiNakuru
Nani alikwambia nafanya kazi bila shati?

#9 ChaiYaKericho
Chamgei wote. Sisi wachuma chai tunafanya kazi kwenye mawingu nusu ya mwaka. Hapo je? Au mawingu nayo yana matundu?

#10 Mwalimu_Maseno
Yana matundu, dada. Mawingu mepesi yanaweza kupitisha hata asilimia 80 ya miale. Lile zito la mvua ndilo linazuia kweli.

#11 MvuviMstaafu_Homabay
Mnasahau maji. Ziwa ni kioo. Mvuvi anapigwa na jua mara mbili, la juu na la chini. Ndiyo maana wavuvi wa omena (dagaa) wana sura nyeusi tititi kuliko watu wa nchi kavu.

#12 MamaOmena
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo umeteleza. Omena inavuliwa usiku, kwa taa, tena usiku usio na mwezi. Mvuvi wa omena saa nne asubuhi anakoroma. Wanaokaa juani ni sisi wanawake tunaoanika. Kuanzia jua linapopanda unatandaza wavu, unamwaga, unageuza, unafukuza kuku na makoikoi, unageuza tena mpaka saa tisa. Na mtoto mgongoni. Semina iliwaita wavuvi, sisi hatukuitwa. Hata soda hatukuonja.

#13 MvuviMstaafu_Homabay
Marahaba mama. Nimekubali. Sisi wa samaki kama mbuta na ngege ndio wa mchana.

#14 Mwalimu_Maseno
Na hiyo ya kioo pia si mara mbili. Maji hurudisha chini ya asilimia 10 ya miale, mchanga mkavu unarudisha zaidi kidogo, kama 15. Kibaya cha ziwani ni kukosa kivuli, kuanzia saa nne hadi saa kumi. Na mwishoni mwa Machi na Septemba jua linakaa utosini kabisa, saa sita na nusu unakanyaga kivuli chako mwenyewe.

#15 Mpinzani_Halali
Mwalimu amegeuza uzi kuwa kipindi cha jiografia. Bado hakuna aliyemjibu JaDunga: ni nani hapa amemwona mtu mweusi mwenye kansa ya ngozi iliyoletwa na jua?

#16 ReggaeYaBusia
Bob Marley. Jua la Jamaika.

#17 NesiVihiga
Hapana, ReggaeYaBusia. Bob Marley alikuwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Chini ya ukucha, ndani ya kiatu, jua linaingilia wapi? Melanoma ya watu weusi mara nyingi hutokea kwenye wayo, kiganja na chini ya kucha, na haionekani kuhusiana sana na jua. Kwa hiyo Mpinzani ana pointi. Lakini msimame na pointi hiyo kwa mguu mmoja tu, kwa sababu watu wanaacha kuangalia nyayo zao halafu wanakuja na kidonda cha miaka miwili.

JaDunga, mimi nimekwama kwenye kitu ulichokiandika ukakipita mbio. Hiyo nyama ya jicho la mjomba. Imekaa muda gani? Iko upande wa pua au wa sikio? Inakua?

#18 JaDunga
Nesi umenishtua. Ni ya miaka mingi, upande wa pua. Ila tangu Krismasi anasema imeanza kuwasha na kuwa nyekundu. Anaweka matone ya dukani.

#19 MkataMiwa
Mulembe. Mpinzani umeuliza nani ameona. Mimi nimeona, lakini si ya jua. Baba yangu alikuwa mkata miwa Mumias. Alipokuwa kijana aliungua mguu shamba la miwa lilipochomwa kabla ya kukatwa. Kovu lilibaki, likawa linapasuka na kufunga, linapasuka na kufunga. Zaidi ya miaka 25. Halafu likapasuka likakataa kufunga, likaanza kutoa harufu, nyama ikachanua kama koliflawa. Kila mtu nyumbani alikuwa na jina lake: shangazi alisema amerogwa na jirani wa mpaka, mimi nikasema sukari. Tulipoteza mwaka mzima kwa majani ya kusaga. Walipokata kipande wakapima, ikawa kansa ya ngozi iliyoota kwenye kovu. Mguu ulikatwa chini ya goti. Yuko hai, anafuga kuku, ana matusi kuliko zamani.

Sasa kama kansa ya ngozi ya mtu mweusi inatoka kwenye kovu, losheni ya nini?

#20 BodaWaKondele
Mkata, pole sana kwa mzee. Hii sasa imenigusa. Abiria wangu nusu wana kovu la ekzosi kwenye shavu la mguu. Mimi mwenyewe ninalo. Hiyo ni kansa?

#21 NesiVihiga
Boda, kovu lililopona na kutulia si kansa. Linalotisha ni lile lisilopona miezi, au lililopona zamani likaanza upya kupasuka, kuvimba kingo, kunuka. Alichosimulia MkataMiwa ndicho tunachofundishwa: kwa watu weusi kansa ya aina hiyo inapenda makovu ya moto na vidonda sugu, hata kwenye mguu uliofunikwa na suruali. Huchukua miongo.

#22 Mstaafu_Wodini
Nimefanya kazi wodini hapa Kisumu, hospitali kuu, ile mnayoiita Rusia, tangu miaka ya themanini. Niongeze kansa ambayo mmeisahau. Miaka ya tisini kansa ya ngozi tuliyoiona ilikuwa na madoa ya zambarau, miguuni, usoni, hata kinywani. Kaposi. Hiyo inaletwa na kirusi, na inashambulia zaidi mwenye UKIMWI asiye kwenye dawa. Dawa zilipokuja tukaanza kuiona kidogo. Watu walikuwa wanasema ni jua la ziwani kwa sababu hawakutaka kutaja lile neno lingine. Jua limesingiziwa mengi.

#23 Mpinzani_Halali
Asante mzee. Kwa hiyo tuna kovu, tuna kirusi, tuna wayo. Jua bado halijafika mahakamani.

#24 BintiNaivasha
Na dawa za kupulizia maua mashambani? Mimi nimepulizia kwenye vibanda vya plastiki miaka minne kabla ya kurudi Nakuru mjini. Mikono ilitoka ngozi kama nyoka. Wenzangu wote wanasema ni kemikali, hakuna aliyesema jua. Ndani ya kibanda jua lenyewe linachujwa.

#25 Mwalimu_Maseno
Kutoka ngozi na saratani si kitu kimoja, lakini siwezi kukataa kuwa kemikali zinaumiza. Ulipewa glavu?

#26 BintiNaivasha
Jozi moja. Ikipasuka unaambiwa usubiri mwezi mpya.

#27 WeldaKamas
Wote mnaongea kuhusu jua la Mungu, na mimi nina jua langu mkononi. Ule mwanga wa kuchomelea ni miale hiyohiyo. Mwaka 2017 hao IARC waliiweka miale ya kuchomelea vyuma kundi la kwanza pia, kwa sababu ya saratani ya jicho. Sisi mafundi wa jua kali wengi tunachomelea kwa miwani ya mitumba, mwingine anafumba jicho moja tu kama anapiga manati. Usiku macho yanawaka kama yamemwagiwa mchanga, unaweka vipande vya viazi juu, asubuhi unarudi. Sina kansa, lakini na raha pia sina.

#28 Mama_Urembo_Nakuru
Kuna jambo mmelizunguka. Mpinzani amesema ngozi nyeusi inajikinga. Sawa, na wanaojichubua? Nina wateja wanauza mboga sokoni juani, na kila usiku wanapaka krimu zenye haidrokwinoni au zebaki. Asubuhi wanatoka na uso mwekundu kama nyanya. Umeondoa mwavuli halafu unasimama kwenye mvua. Mimi nimeacha kuuza hizo, nikapoteza nusu ya wateja. Wengine wananisalimia kwa mbali siku hizi.

#29 BodaWaKondele
Kumbe ndiyo sababu shingo na uso havifanani 😂 Nilidhani ni kamera ya simu yangu.

#30 KofiaPana
Nimesoma posti 29 nikisubiri mtu anikumbuke. Mimi ni mtu mwenye ualbino, nalima na kuuza mahindi Bungoma. Nimezaliwa juani kama JaDunga, mweusi kwa wazazi wote wawili, ila bila hiyo SPF 13 ya Mpinzani. Mpinzani aliuliza nani ameona kansa ya jua kwa Mwafrika. Mimi nimeiona kwa dada yangu, ilianza kama kigaga juu ya sikio akiwa na miaka 24, na kwangu nimeshachomwa madoa matatu kwa barafu ya hospitali usoni. Sisi kansa inatupata kichwani na shingoni, penye jua, si miguuni.

Losheni ambayo nyinyi mnaichekea, sisi tunapewa bure kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ikifika. Mwaka juzi nilienda kituo kimoja mara tatu nikaambiwa haijaletwa, na nauli ni yangu. Huko Moshi, Tanzania, wanatengeneza yao wenyewe kwa ajili yetu, inaitwa Kilisun. Kwa hiyo msiseme ni biashara ya Wazungu.

#31 JaDunga
KofiaPana, nisamehe. Niliandika nikicheka. Sikufikiria.

#32 Mpinzani_Halali
Nami pia. Nilisema "mtu mweusi" kana kwamba ni rangi moja. Nabaki na hoja yangu kwa wenye melanini, lakini pale nilikosea.

#33 KofiaPana
Haina neno. Nimezoea, na tena mmeomba msamaha mapema kuliko shemeji yangu. Niwape hesabu ya bure: losheni ya uso, shingo na mikono tu, ukipaka kama inavyotakiwa na kurudia kila saa mbili, chupa ya mililita 100 haimalizi wiki ya kazi. Mimi kwenye shamba nategemea zaidi kofia pana, mikono mirefu, na kuingia saa kumi na mbili asubuhi, kutoka saa nne. Losheni ni ya sehemu zilizobaki.

#34 MamaOmena
Saa nne ndiyo omena zinaanza kukauka, mwanangu. Nikitoka saa nne nitakula nini?

#35 KofiaPana
Ndiyo shida yenyewe, mama.

#36 NesiVihiga
Nirudi kwa jicho, maana ndilo linanisumbua. Wengi wa wanaofanya kazi nje huota utando wa nyama kwenye weupe wa jicho, umbo la pembetatu, ukitambaa kuelekea kwenye mboni. Jua, vumbi na upepo vinachangia. Huo si saratani. Lakini kuna uvimbe mwingine unaofanana nao sana, na huo ni saratani ya ngozi nyembamba ya juu ya jicho. Huku Afrika Mashariki ni wa kawaida kuliko nchi nyingi, na vinavyotajwa ni viwili: miale ya jua, na VVU. Melanini ya mkononi haisaidii hapo, weupe wa jicho ni weupe kwa kila mtu. Kwa macho tu hata daktari anaweza kukosea, lazima ukatwe upimwe.

Habari njema: ukiwahi, unatolewa. Kuna utafiti uliofanywa kwenye kliniki nne za macho hapa Kenya, ukachapishwa 2016. Waliotumia matone ya fluorourasili baada ya upasuaji, uvimbe uliwarudia kama 11 kati ya 100. Waliopewa matone yasiyo na dawa, 36. JaDunga, mjomba aache matone ya dukani. Sabatia kuna hospitali ya macho, si mbali na ninyi.

#37 Mpinzani_Halali
Nesi, sasa hapo ni jua au ni VVU? Maana umetaja viwili, na mzee Mstaafu ametuambia jua husingiziwa.

#38 NesiVihiga
Vyote vinatajwa. Mwenye VVU yuko kwenye hatari kubwa zaidi, na wasio nayo pia wanaupata. Ndiyo maana atapimwa vyote.

#39 JaDunga
Hapo ndipo mjomba atakataa. Kukatwa jicho atakubali, kutobolewa kidole hapana.

#40 Mstaafu_Wodini
Nenda naye, jitobolee wewe kwanza mbele yake. Hiyo ilikuwa inafanya kazi sana enzi zetu.

#41 WeldaKamas
Nesi, miwani nyeusi ya shilingi 100 ya pale stendi inasaidia?

#42 NesiVihiga
Weusi wa kioo si kinga. Tafuta iliyoandikwa UV400, ndiyo inayozuia miale hiyo. Kwa kuchomelea, hiyo pia haitoshi, unahitaji barakoa ya welda yenye kioo chake.

#43 WeldaKamas
Basi nimekuwa nikivaa urembo.

#44 JaDunga
Wadau, siku kumi na moja baadaye. Nilimpeleka mjomba. Alikataa mpaka mke wake alipomwambia asipokwenda hatamtolea samaki miiba tena. Nilitobolewa mimi kwanza kama mzee alivyoshauri. Daktari aliangalia kwa ile mashine ya mwanga akasema upande mmoja ni utando wa kawaida, ila kuna sehemu juu yake haipendi. Wamekata, wamepeleka maabara. Majibu bado. Nilimuuliza ni jua? Akasema "labda." Nilimuuliza ni uzee? Akasema "labda." Kipimo cha kidole cha mjomba kilikuwa safi, kwa hiyo hilo moja limetoka kwenye orodha.

Nilipotoka nilimnunulia kofia pana pale soko la Kibuye, 300.

#45 Mpinzani_Halali
Orodha inabaki na jua, vumbi, upepo na uzee. Bado nasubiri maabara.

#46 MamaOmena
Mwambie apone haraka. Kofia inamkaa?

#47 JaDunga
Ilimkaa siku moja. Ya pili upepo wa saa nane uliichukua, iko katikati ya ziwa.

#48 BodaWaKondele
Kuna ngege mahali amevaa kofia ya shilingi 300 😂

#49 KofiaPana
Ingine ikinunuliwa, shona kamba ipite chini ya kidevu. Yangu nimefunga kwa kamba ya kiatu tangu 2019, na upepo wa Bungoma si mchezo.